Karatasi ya damu imeandikwa L, mke wangu amehama chumba

Barua

Shikamoo mama,

Mimi ni dereva wa malori makubwa, nina miaka 36, nyumbani ni Uyole hapa Mbeya ingawa kwetu hasa ni Tukuyu. Nina mke na watoto watatu. Nakuandikia nikiwa kwenye foleni ya Tunduma, leo siku ya tatu, kwa hiyo muda wa kueleza ninao.

Mwezi wa nne nilipata nafasi kwenye kampuni nyingine, gari jipya na posho inayoeleweka. Wakataka tupime afya kwanza. Nikaenda zahanati moja ya binafsi mjini, wakachukua damu, mkojo, wakanipima na macho. Baada ya kama nusu saa dada wa dirishani akanipa karatasi. Kabla hajaniachia akaisoma, akaniangalia, akasema kwa sauti ambayo benchi zima liliisikia: "Kaka, kinga yako iko chini, kamuone daktari." Daktari alikuwa ameshatoka. Sikurudi tena.

Naiandika kama ilivyo. WBC 2.9, pembeni kuna herufi L. NEU 1.2, nayo L. LYM 1.3, haina herufi, lakini chini kwenye asilimia LYM hiyohiyo imeandikwa 44.8 na herufi H. HGB 15.1. PLT 214. Mengine sikuyaelewa.

Mama, sisi tuliokulia huku tulizika sana. Baba zangu wadogo wawili waliondoka mwaka mmoja. Habari za CD4 kupanda na kushuka tulizisikia tukiwa shule ya msingi, kama watoto wengine wanavyosikia habari za mpira. Kwa hiyo nilipoambiwa kinga iko chini sikuhitaji tafsiri. Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfuko wa ndani wa koti.

Jioni ileile nilipima VVU kituo kingine: hasi. Sikuamini. Mwezi wa sita nikapima Makambako, hasi. Mwezi wa nane Mbalizi, hasi. Niseme ukweli kwa kuwa hunijui: mwaka juzi niliteleza mara moja njiani, bila kinga. Ni hiyo moja tu, lakini ndiyo iliyonifanya nisiamini majibu.

Mke wangu aliikuta karatasi wakati anataka kufua koti. Nilipoingia ndani alikuwa ameiweka mezani na kikopo cha chumvi juu yake isipeperuke. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akauliza tu, "Baba watoto, hii ni ya lini?" Nikamwambia ya mwezi wa nne. Ilikuwa mwezi wa saba. Tangu siku hiyo analala chumba cha watoto. Alikwenda kupima peke yake, yuko hasi, lakini anasema dereva ni dereva na kama pasingekuwa na jambo nisingeficha.

Kuna la pili. Mjomba wangu alifariki Tukuyu mwaka 2011 kwa saratani ya damu. Tumbo lilimjaa upande wa kushoto, na hospitali walisema chembe nyeupe zake ni nyingi kupita kiasi. Sasa zangu ni chache, halafu hizo LYM zina H. Chache ni UKIMWI, nyingi ni kansa, je mimi nina vyote viwili?

Kuna jamaa ananiuzia unga wa kijani wa kupandisha kinga, chupa nne kwa shilingi 240,000. Aliniambia CD4 zangu zimelala. Nimemaliza chupa mbili, tofauti ninayoiona ni kuharisha.

Mwilini siumwi. Tairi la semi nafungua mwenyewe. Wiki ile niliyopima ndiyo nilikuwa natoka kwenye mafua makali, basi. Nikisikia kikohozi au tumbo linasumbua nameza septrini, ninazo kwenye dashibodi muda wote, viwili viwili siku mbili tatu naendelea na safari.

Ile nafasi ya kazi alipewa mwingine. Mwezi huu wamenipigia tena, wanataka barua ya daktari kuhusu hiyo karatasi kabla mwezi haujaisha. Naogopa kwenda. Na mke wangu nimwambie nini?

Dereva wa Uyole

Jibu

Marahaba mwanangu, pole na foleni.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mimi si daktari. Nilikaa maabara miaka 31, nikastaafu nikiwa Iringa, na kazi yangu ilikuwa kuhesabu hizohizo chembe zinazokukosesha usingizi. Nitakwenda nawe mstari kwa mstari, lakini kubwa nilitoe kwanza: hakuna mahali popote kwenye karatasi yako palipoandikwa VVU, wala saratani.

Kipimo cha VVU hakihesabu chembe nyeupe. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza ukishakutana na kirusi, na vipimo vingine hutafuta pia alama za kirusi chenyewe. Miezi mitatu baada ya kuambukizwa, kipimo kinaona. Wewe uliteleza mwaka juzi na umepima mara tatu mwaka huu, vituo vitatu tofauti. Kama baada ya safari ile hapakuwa na nyingine, huna VVU. Kupima mara ya nne hakutakuongezea chochote.

Na hizo CD4 unazoambiwa zimelala, nani alizipima? Kipimo ulichofanyiwa ni FBP, picha kamili ya damu. CD4 ni kundi mojawapo ndani ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe ambayo kwenye karatasi yako ni LYM, na FBP haiwezi kulitenga. Inahitaji mashine yake. Huyo jamaa wa unga ameona kwa macho ya mfukoni mwako. Tena hata kwa wanaoishi na VVU habari ya CD4 si ile ya utoto wako, maana tangu 2016 anayekutwa na maambukizi anaanzishiwa dawa papo hapo bila kungoja zishuke.

Lakini sikulaumu. Utafiti wa kitaifa wa 2022–23 ulikuta Njombe ina asilimia 12.7 ya watu wazima wenye VVU, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, mikoa yetu mitatu ikiwa juu kabisa ya orodha. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini akisikia "kinga iko chini" anaona jeneza. Huyo dada wa dirishani alipaswa kulijua hilo kuliko mimi na wewe. Majibu hayasomwi mbele ya benchi, na neno "kinga" halipo kwenye karatasi, amelitia yeye.

Sasa tuhesabu.

Hiyo WBC 2.9 yenye L, yaani "chini", maana yake ni chembe nyeupe 2,900 katika maikrolita moja ya damu, tone ambalo halizidi kichwa cha pini. Katika tone hilohilo chembe nyekundu ni kama milioni tano. Nyeupe ni wachache siku zote, hata kwa mtu mwenye afya ya ng'ombe.

Kabla ya mashine tulizihesabu kwa macho. Damu tuliivuta kwenye kijibomba cha kioo kwa mdomo (ndiyo, kwa mdomo, leo ungefukuzwa kazi), tukaizimua mara 20 kwa maji ya Turk, ambayo ni kama siki iliyotiwa rangi ya zambarau. Siki inazipasua nyekundu zote, nyeupe zinabaki na vitovu vyao, yaani viini vya katikati, vimekolea rangi. Tone linaingizwa chini ya kioo chenye miraba iliyochongwa. Unahesabu miraba minne ya pembeni, unazidisha kwa 50. Kwa damu yako ningehesabu vidoti 58. Mtu wa 4,000, ambaye mashine nyingi zinamwona mzima, ningemhesabia 80. Kilichokuhamishia mke chumba ni vidoti 22. Na ningechukua tone la pili kutoka kichupa kilekile ningeweza kupata 51, au 66, bila mtu kuugua wala kupona.

Mashine inahesabu nyingi zaidi kwa hiyo haiyumbi kiasi hicho, ila mwili wenyewe unayumba. Asubuhi si sawa na jioni. Ukitoka kufungua tairi la semi sasa hivi zitapanda, kwa sababu nyingi huwa zimejibana kwenye kuta za mishipa na damu ikienda kasi zinang'oka.

Baada ya jumla, huwa tunaangalia ni nani na nani. Hapo ndipo nilipoipenda kazi yangu. Unapaka damu kwenye slaidi, unaikausha, unaitia rangi, unakaa kwenye hadubini na kuhesabu chembe 100 moja moja. Nyutrofili unaijua kwa kitovu chake kilichokatikakatika, kama shanga tatu nne zilizotungwa kwenye uzi usioonekana. Hao ndio wa kwanza kufika penye kidonda, na hukaa kwenye damu chini ya siku moja. Limfosaiti ni duara jeusi limejaa, ukiiona utasema kete ya bao. Humo ndimo wamo wenye kumbukumbu ya magonjwa na chanjo, na ndimo zilimo hizo CD4. Monosaiti ni kubwa, kitovu kama figo. Eosinofili ina punje za rangi ya machungwa, na kwa watu wa kando ya ziwa kule Kyela nikiziona nyingi nilikuwa naandika pembeni "minyoo? kichocho?" kabla sijamaliza slaidi. Basofili unaweza kumaliza mia usiione hata moja.

Zako zinasema hivi: limfosaiti 1,300. Hizo zimetosha, ndiyo maana hazina herufi. Ile H ya 44.8, yaani "juu", isikutishe hata kidogo. Wewe ni mtu wa Tukuyu, fikiria sufuria ya ndizi na nyama. Nyama ikipungua, kila atakayefunua atasema ndizi zimejaa, wakati hakuna aliyeongeza hata ndizi moja. Nyutrofili zimepungua, basi limfosaiti zinachukua sehemu kubwa ya mia. Ukitaka kujua kama zimepanda kweli angalia idadi, achana na asilimia.

Kwa hiyo habari yako yote ni mstari mmoja: NEU 1.2, nyutrofili 1,200. Vitabuni chini ya 1,500 huitwa upungufu. Kati ya 1,000 na 1,500 ni upungufu mdogo. Kinachotufanya tupige simu wodini usiku ni chini ya 500, maana hapo homa kidogo inaweza kumuua mtu kabla hapajakucha. Wewe hauko huko, wala hauko jirani na huko.

Zimepungua kwa nini? Nina watu watatu ninaowashuku, nitakupa kwa jinsi ninavyowashuku.

Wa kwanza ni wewe mwenyewe, ulivyozaliwa. Vipimo vya chini na juu vilivyo kwenye mashine nyingi vimetokana na watu wa Ulaya na Marekani. Weusi wengi wa Afrika kusini mwa Sahara tuna nyutrofili chache kuliko wao, bila kuugua zaidi yao. Sababu imefuatiliwa mpaka kwenye vinasaba. Mwaka 1950 madaktari wa London walimpa damu mgonjwa mmoja aitwaye Duffy, wakagundua alama kwenye chembe nyekundu wakaipa jina lake. Sisi wengi hatuna alama hiyo. Mwaka 1976 ikaonekana kwamba asiye nayo ni vigumu kushikwa na malaria ya aina ya vivaksi, kwa kuwa kijidudu hicho kinatumia alama ya Duffy kama kitasa cha kuingilia. Na mwishoni mwa miaka ya 2000 watafiti wakakuta kinasaba hichohicho kinachotunyima kitasa ndicho kinachoendana na nyutrofili kuwa chache kwenye damu. Uloto ulio ndani ya mifupa unazitengeneza kama kawaida, mabilioni kwa mabilioni kila siku. Kwenye mishipa ndiko hazikai nyingi. (Malaria ya kwetu kubwa ni falsiparamu, na hiyo haijali Duffy. Ukilala Kyela, lala ndani ya chandarua.)

Tena si habari ya mbali. Mwaka 2008 watafiti waliokuwa wakifanya kazi hapohapo Mbeya walichapisha viwango vya damu vya watu wazima wenye afya wa Mbeya, kwa kuwa waliona kupima watu wetu kwa rula ya kigeni kunawatia ugonjwa wasio nao. Kwa hiyo herufi L maana yake tu ni kwamba namba iko chini ya mpaka aliouweka mtengeneza mashine. Kama umeumwa au hujaumwa, mashine haina habari.

Mshukiwa wa pili ni yale mafua. Virusi vya kawaida hushusha chembe nyeupe kwa wiki moja mbili, wakati mwingine zaidi kidogo. Kupima damu ya kazi ukiwa unatoka kwenye mafua makali ni kama kupimwa mizani ukiwa bado na maji ya mvua juu ya turubai.

Wa tatu yuko kwenye dashibodi yako. Septrini inaweza kushusha nyutrofili. Haimfanyii hivyo kila anayeimeza, na wengine hupewa na daktari miezi mingi kwa sababu nzuri huku wakifuatiliwa. Lakini wewe unaimeza kwa kikohozi cha vumbi la Kitonga, viwili viwili, siku mbili, bila kumaliza, na mafua haiyagusi kabisa. Ulipopima, ulikuwa umeimeza wiki ile? Ninavyokusoma, naona ndiyo. Hilo mwambie daktari kabla ya lolote.

Nikiwa hapo kwenye dawa, niwaambie na wasomaji wengine, maana milimani kwetu tezi la shingo ni ugonjwa wa nyumbani: anayetumia kabimazoli, dawa ya tezi, akipata homa na koo kuuma, asinunue lozenji. Aende akapimwe FBP siku ileile. Dawa hiyo ni nzuri, ila mara chache inafagia nyutrofili zote.

Sasa mjomba. Mungu amrehemu. Mwaka 1847 daktari wa Kijerumani, Rudolf Virchow, aliupa ugonjwa huo jina la lukemia, maana yake damu nyeupe, na aliyewahi kuiweka slaidi yake kwenye hadubini anaelewa. Mahali ambapo kwako ningeona chembe nyeupe moja hapa na nyingine kule, kwake ni soko la Mwanjelwa mkesha wa Krismasi: zimebanana, kubwa kwa ndogo, nyingine changa ambazo zingepaswa kuwa bado ndani ya mfupa. Zinaweza kufika laki moja na kupita katika tone ambalo wewe una 2,900. Wingi huo haumlindi mtu, kwa sababu hazijakomaa au hazifanyi kazi yake, na zimewanyima nafasi wengine.

Tumbo kujaa upande wa kushoto ni bandama. Siwezi kumpima marehemu, lakini bandama kubwa namna hiyo na nyeupe nyingi kupindukia inanikumbusha lukemia ile inayokwenda polepole kwa miaka. Hiyo ina historia yake. Mwaka 1960 watafiti wawili katika mji wa Philadelphia, Nowell na Hungerford, waliona kromosomu moja, yaani uzi unaobeba vinasaba, ikiwa fupi isivyo kawaida ndani ya chembe za wagonjwa. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Mwaka 2001 Marekani ikapitisha kidonge, imatinibu, kinachozima hitilafu hiyo moja, na leo mtu anameza kila siku na kuendelea na shamba lake. Hapa nchini pia wapo wagonjwa wanaoipata. Na kosa hilo la kromosomu hutokea mtu akishazaliwa, ndani ya uloto wake mwenyewe. Mjomba hakulirithi na hakukurithisha.

Kuna lukemia nyingine ambazo nyeupe zinaweza kuonekana chache, sikufichi. Ndiyo maana macho yangu yalikimbilia HGB na PLT kabla sijamaliza barua. Uloto ni shamba moja linalotoa mazao matatu: nyekundu, nyeupe na chembe sahani zinazogandisha damu. Saratani ikilivamia haichagui tuta. Himoglobini yako ni 15.1, damu ya mtu wa Uyole kabisa, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Chembe sahani 214, kawaida ni 150 hadi 400. Mazao mawili yamestawi, moja limepungua kidogo. Hiyo si sura ya shamba lililovamiwa.

Unga wa kijani acha leo, usisubiri chupa ziishe. Simjui aliyeusaga wala alichosagia ndani, na anayeharisha kwa dawa ya kuongeza kinga amelipia kuharisha. Ukimtaka akurudishie hela ya chupa mbili zilizobaki sidhani kama atakurudishia, lakini jaribu.

La kufanya: kaa wiki nne mpaka sita baada ya mafua au septrini ya mwisho, kisha rudia FBP, na safari hii omba pia slaidi isomwe na mtu, isiwe mashine peke yake. Kwa kuwa tajiri mpya anataka barua kabla mwezi haujaisha, usingoje hizo wiki ndipo umwone daktari. Nenda sasa na karatasi hii, mweleze mafua na septrini, na kama siku zimeshapita arudie palepale. Hata Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko hapo mjini, hutapanda basi. Pekua na daftari za zamani za hospitali. Kama uliwahi kupimwa damu mwaka 2015 kwa ajali au kwa taifodi na NEU ilikuwa 1.3, kesi imekwisha, hiyo ndiyo damu yako. Ndugu zako wa tumbo moja wakiwa nazo chache pia, ni ushahidi mwingine. Akiridhika, daktari anaweza kuandika kwamba upungufu ni mdogo, hauna dalili, na hauzuii kuendesha gari. Mwombe akuandikie na namba zenyewe, ili siku nyingine dirisha jingine lisianze upya.

Zikirudi chini ya 1,000, au HGB na PLT nazo zikaanza kushuka, atakutuma mbele na uende. Vilevile ukiona homa zinarudirudi, vidonda mdomoni, fizi kutoa damu, mitoki shingoni isiyoisha, jasho la usiku la kulowesha shuka, au tumbo kujaa kushoto kama mjomba. Hayo hayangoji wiki sita.

Nimebaki na mama watoto.

Wewe unafikiri amehama kwa sababu ya L. Mimi nadhani alihamishwa na "mwezi wa nne". Miezi mitatu karatasi iko kwenye koti analolifua yeye. Mwanamke wa huku ambaye naye kwao walizika, anakuta karatasi ya damu iliyofichwa, ulitaka awaze nini? Na alikwenda kupima peke yake. Hebu fikiria lile benchi, amekaa anasubiri majibu kwa ajili ya karatasi yako, na wewe uko Tunduma.

Usimpelekee maelezo yangu, hata ukimsomea barua hii yote atasema mama wa gazetini hakujui. Siku ya kwenda kwa daktari mwombe mwende wote, na muingie chumbani wote wawili. Karatasi ashike yeye. Maswali aulize yeye kwanza. Daktari akimaliza ndipo umwambie ulivyoogopa, kwa sababu hilo hujamwambia. Umemwambia tarehe tu.

Kuhusu kuteleza, sitakuamulia. Madamu nyote wawili mko hasi, VVU haikulazimishi kusema. Lakini pima na magonjwa mengine ya zinaa kama hukupima, na kama safari zitakukuta tena, kondomu ikae pale dashibodi zilipokuwa septrini. Ukiniuliza mimi kama mama, ningemwambia, maana nusu yake ameshaijua. Ila nisingemwambia siku ya daktari. Siku hiyo iacheni iwe ya damu.

Hizo septrini zilizobaki usizitupe dirishani, zirudishe duka la dawa. Na majibu mapya yakitoka niandikie NEU imesoma ngapi, nami kalamu ninayo.